Kibla ya Kiwanda cha Mpira

Mwezi uliopita nilikwenda Mzenga kuhani msiba, nikakuta bati za kile kiwanda cha mpira zimeng'olewa zote. Nilisimama ndani ya kuta, jua likinichoma utosini, nikijaribu kukumbuka safu zetu za sala zilielekea wapi. Sikuweza.

Mdachi, yaani Mjerumani, alikiacha wakati wa vita, na Mwingereza hakukitaka. Kikakaa na popo mpaka mvua ilipoangusha msikiti wetu wa makuti, ndipo wazee wakasema tuhamie huko. Sisi watoto wa kike tulifagia mavi ya popo kutwa nzima. Harufu ya moshi wa mpira haikutoka. Kwenye ukuta mmoja palikuwa na mdomo wa tanuri, wenye tao juu. Jirani yetu akaangua kicheko: "Jamani, Mdachi katujengea mihrabu bila kujijua!" Mikeka ikatandikwa kuelekea pale, na hakuna aliyetoka nje kuangalia jua.

Bibi alisali nyuma ya pazia la kaniki, nami ubavuni. Wenzake wakishaondoka, yeye hubaki ameinua mikono, akimwombea mjomba, mwanawe, arudi; alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakuonekana tena. Tumbo langu hunguruma, nikiwaza mihogo iliyobaki jikoni.

Kisha akaja mwalimu mgeni wa chuo cha Kurani. Akachomeka fimbo uani, akafuatisha kivuli, akatikisa kichwa. Tulikuwa tumeelekea kando ya kibla. Siku ile mikeka ilitandikwa mshazari, nami nikachanganyikiwa: ukuta unakwenda huku, watu wanakwenda kule.

Bibi alimngoja mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, dua zangu zote zile zimekwenda wapi?"

"Usihuzunike. Mlikosea bila kujua, na dua haifungwi na upande. Zimefika."

Nilidhani atafurahi. Akamkazia macho.

"Zimefika zote?"

"Zote, mama."

"Ungeniambia zimepotea, ningeanza upya."



Tangu siku hiyo Bibi alisali kama wengine, lakini akishatoa salamu huinuka upesi bila kuinua mikono, akajitia shughuli za jikoni. Sasa pana msikiti mpya wa matofali, na watoto wa leo wanadhani kiwanda kile kilikuwa ghala tu. Mwalimu alisema kweli, tena kwa upole. Hata leo sijui alipaswa kumjibu nini.