Kiuno Kwanza, Mikono Baadaye

Juzi nilipita mji wa Lewisville, huku ughaibuni, kwa shughuli zangu, nikakata kona kuelekea kule tulikokaa zamani, nikakuta uwanja wetu wa besiboli umejengwa stoo za kukodisha. Nilisimamisha gari nikayatazama mabati yale, na uso ukaniwaka kana kwamba watu bado wamekaa kwenye mabenchi wakinitazama. Wewe, rafiki yangu, ungecheka, najua.

Nilikuwa msichana pekee katika timu ya wavulana, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuupiga mpira sawasawa, hata mara moja, kabla msimu haujaisha. Kocha wetu, mzee mpole aliyetafuna mbegu za alizeti mchana kutwa, alikuwa na wimbo mmoja. Uzito ukae mguu wa nyuma. Piga hatua fupi. Kiuno kigeuke kwanza, mikono ifuate, macho yasibanduke kwenye mpira. Miguu niliiweza, macho niliyaweza. Kiuno kilikataa, maana nyumbani kwetu mtoto wa kike aliyezungusha kiuno mbele za wanaume alikuwa amekwisha kuharibika. Basi nikawa napiga kwa mikono peke yake, kama mtu anayefukuza nyuki.

Msimu ule Bibi, mzaa mama, alikuja kututembelea kutoka Tanga. Mama akamleta kwenye mechi na chupa ya chai ya tangawizi na vitumbua ndani ya hotipoti, harufu ya iliki ikashinda ya majani yaliyokatwa. Zamu yangu ya kupiga ikafika. Kocha akaanza, "Hips! Hips, sweetheart!" huku akinionyesha kwa kiuno chake mwenyewe.

"Anasemaje yule mzee?" Bibi akauliza.

"Anamwambia a-turn kiuno, Mama. Ndiyo coaching yenyewe hiyo," Mama akamjibu mamake.

Lo! Bibi aliingia uwanjani na ndala zake, mchezo ukasimama. Akavua khanga ya mabegani akanifunga kiunoni, fundo la kukaza, juu ya suruali ya timu. "Mtu mzima huna haya," akamwambia kocha, ambaye hakuelewa neno na akamshukuru kwa adabu zote. Wavulana walicheka mpaka wakakaa chini. Nikapiga hewa tu, nikatolewa, nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Njiani Mama alimweleza Bibi kwamba mchezo wenyewe ndivyo ulivyo, na kwamba bila kiuno mpira hauendi popote.

Jioni, Baba alipokwenda zamu yake hospitali, Bibi alifunga mlango, akashusha mapazia, akasogeza meza ya sebuleni. Akaushika mwiko wa ugali kwa mikono miwili. Uzito mguu wa nyuma, hatua fupi, kiuno kikageuka laini, halafu ndipo mwiko ukapita ukivuma. Ilikuwa ngoma ya wanawake wa kwao, aliyochezwa alipokuwa mwari, na kocha angeiona angelia kwa furaha.

"Kiuno tunacho, mjukuu wangu," alisema akihema. "Ila hakianikwi ovyo. Kama mchezo wenu unakitaka, njoo ukijue humu ndani kwanza. Hakuna mwanamume hapa."

Masikioni mwangu vicheko vya wavulana vilikuwa havijaisha. "No, Bibi, I'm good," nikamkatalia, nikaongeza sauti ya televisheni.

Msimu uliisha sijaugusa mpira. Bibi alirudi Tanga, akafia huko. Mama hakuwahi kuchezwa ngoma ile, aliletwa mjini kusoma angali mdogo, na katika ukoo wetu hajabaki anayeijua. Aibu ya khanga ilinitesa miaka mingi, sikufichi, lakini nilifungwa tu na mtu aliyenipenda. Inayonichoma sasa ni nyingine, ya jibu langu lile. Bibi hakujua Kiingereza hata neno moja, lakini alinielewa vizuri sana. Jioni ile alirudisha mwiko jikoni, akafungua mapazia.