Pumu ya baba ilivyotutenga na baba mdogo, Ugalla miaka ya tisini

Wakuu habari zenu. Hii ilitokea nyumbani kwetu, nilikuwepo, na sitaongeza chumvi.

Tulikaa Ugalla, huku Mpanda. Baba alikuwa mrina asali. Kila akitoka kurina anabanwa kifua, kinalia kama filimbi, analala amekaa. Baadaye kinaachia, anarudi porini.

Wengine walisema TB. Mganga wa kienyeji akasema ni mkono wa ndugu wa damu.

Ndugu wa damu pale kijijini alikuwa mmoja tu, baba mdogo Kalinde. Basi baba akaacha kumsalimia. Sisi watoto tukakatazwa kula kwake. Mkewe alikuwa anapika vizuri, kwa hiyo hilo lilituuma.

Maneno ya mganga ndiyo yalikuwa kipimo chote, wakuu. Hakuna aliyemwekea hata sikio kifuani.

Msimu uliofuata hali ikawa mbaya. Mganga akaja na fukizo. Baba akafunikwa blanketi pamoja na chungu cha majani yanayotoa moshi. Alipofunuliwa, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi.

Mganga akasema dawa inafanya kazi.

Mama akatoka bila kuaga. Akarudi na baba mdogo na baiskeli yake.

Baba alitaka kukataa ila hakuwa na pumzi ya kukatalia. Akapakizwa nyuma, akafungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa baba mdogo, mimi na mama tukifuata kwa miguu. Barabarani tukapata lori la mbao la kwenda Mpanda.

Hospitali wakamwekea oksijeni na sindano ya mshipa. Alipotulia wakapima makohozi, hakuna TB. Daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza, "Mzee, huwa unabanwa ukifanya nini?"

"Nikirina asali."

"Nyuki mnawafukuza na nini?"

"Moshi."

"Na nyumbani wamekutibu na nini?"

Baba akaangalia ukuta. "Moshi."

Akaambiwa ni pumu. Akabisha kwamba pumu ni ya watoto. Daktari akamwambia hata mtu mzima inampata. Akapewa vidonge vya salbutamol vya kufungua kifua, inhaler ilikuja baadaye sana, na akakatazwa moshi.

Baba mdogo alikuwa amekaa mlangoni mwa wodi, amesikia yote.

Baba akamgeukia. "Mdogo wangu, umekula?"

"Bado, kaka."

Mama akasogeza ugali, wakala sahani moja. Samahani nyingine sikuwahi kuisikia.

Tangu hapo baba mdogo ndiye aliyerina. Baba alisimama mbali, upande usio na moshi, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nilichojifunza: kifua kinachobana na kuachia, kinacholia, hasa kwenye moshi, vumbi au baridi, kapimeni hospitali mapema. Fukizo achaneni nalo.

Na kama nyie kwenu kuna mtu hasalimiwi kwa sababu ya kifua cha mtu mwingine, semeni hapa tuongee.