Seva ya Maurine, Siku ya Wakwe

Maurine Osundwa hakupenda kufanyiwa kazi aliyoweza kuifanya mwenyewe. Hata katika kompyuta alikuwa hivyo.

Yeye na mwenzake wa kazi, Isaiah, wana ofisi ya chumba kimoja mjini Kakamega, juu ya duka la mbegu. Humo walitengeneza programu inayowapangia wakulima wa Malava zamu ya matrekta ya kubeba miwa. Kila Jumamosi saa nane mchana orodha ya wiki huwafikia madereva na wakulima kwenye simu. Programu yenyewe hukaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kukodi iliyo mbali, isiyozimwa usiku wala mchana.

Juu ya seva hiyo walibishana miaka miwili, kwa upole. Isaiah alitaka kampuni ambayo unaikabidhi programu tu. Wao wanajua pa kuiweka, wanaisafisha, ikianguka wanaiinua.

"Sisi tuangalie mkulima," alikuwa akisema. "Mambo ya nati na bolti tuwaachie wenyewe."

Maurine alitaka seva tupu, akaze kila nati kwa mkono wake. "Ukikaa kwa mtu, siku akibadilisha kufuli unalala nje."

Wala hakusema ovyo. Programu yao ya kwanza ilikuwa kwa kampuni ya namna hiyo, ikafungwa siku tatu, na hakuna aliyewaeleza kisa.

Basi wakachukua seva tupu, ikawa ya Maurine. Kila Jumamosi asubuhi aliingia kufuta kumbukumbu za kazi ya wiki zilizolundikana, seva isije ikajaa. Njia ya kuingilia ilikuwa kwenye laptopu yake peke yake. Isaiah alipomwomba aiandike mahali, alijibu, "Nitaandika." Hakuandika.

Jumamosi moja wakwe wa Maurine wakaja nyumbani kwa wazazi wake Malava kuzungumza mahari. Kwa desturi, msichana hukaa chumba cha ndani na mashangazi mpaka aitwe, na simu yake hushikwa na senje, dada wa baba. Tangu alfajiri Maurine alikuwa akisukwa. Hakukumbuka kufuta chochote.

Saa sita na nusu simu ikalia mkononi mwa Senje Pascalia.

"Wewe ni nani?"

"Isaiah wa ofisi, mama. Seva imejaa. Orodha haitatoka."

Senje akageuka. "Maurine, kuna kitu yako imeshiba mpaka imekataa kazi."

Mashangazi wakacheka. Maurine hakucheka. Miwa ya jirani yao, Mzee Simiyu, ilikuwa imekatwa Alhamisi, iko chini. Bila orodha trekta haingekuja Jumatatu, na miwa ikilala juani hukauka, uzito unakwenda. Nayo laptopu ilikuwa ndani ya mkoba wake, nyuma ya kochi sebuleni, pale pale walipoketi wakwe.

"Acha nikimbie niichukue."

"Na kichwa nusu? Watasema bibi harusi amejileta mwenyewe!" Kisha Senje akashusha sauti. "Mtoto wangu, hiyo kazi hakuna mwingine anaijua?"

"Hakuna, senje."

"Na Mungu akikuita leo?"



Pascalia akajifunga leso, akatoka na sinia ya chai, akawakaribisha wakwe mmoja mmoja. Aliporudi, mkoba ulikuwa ndani ya leso.

Maurine akafuta, akaiwasha seva upya. Saa nane orodha ikatoka, Mzee Simiyu wa nne. Lakini hakufunga laptopu. Akamtengenezea Isaiah njia yake ya kuingilia, akaomba simu kwa senje, akampigia.

"Chukua kalamu. Nakusomea hatua zote."

"Kwa hivyo tunahamia kwenye kampuni?"

"Sijasema. Hilo ni la Jumatatu, na safari hii nitakusikiliza. Andika."

Sebuleni wakaita jina lake.

"Bado kidogo, senje," akanong'ona.

Pascalia akasimama mlangoni, akapiga makofi, akaanzisha wimbo wa kanisa. Mashangazi wakaitikia, na wageni nao wakainuka kuimba. Walikuwa ubeti wa tano Isaiah aliposema, "Nimeingia."