Aliita "Baba" Akiwa Juu ya Bembea

Uwanja mzima ulimsikia yule mtoto akilia kule juu.

"Baba! Baba, toka hapo! Panda juu!"

Wamama wakashika midomo. Vijana waliokuwa wanapiga kelele wakanyamaza.

Mwanaume mmoja tu ndiye alikuwa anatabasamu. Alikuwa anapunga mkono kabisa.

Anaitwa Hermani. Ni mnunuzi wa vitunguu swaumu hapa Mbulu, ukifika sokoni ukiuliza unaonyeshwa. Ameniruhusu niandike, ila akaniambia kitu kimoja: "Usinipambe. Andika vile nilivyokuwa."

Haya, simpambi.

Hermani alichelewa kuoa. Alipooa, alimwoa Judith, mjane kutoka Jorodom, kule Katesh. Mume wake wa kwanza, marehemu Sylvester, alichukuliwa na lile tope lililoshuka Mlima Hanang Desemba 2023. Judith alikuja Mbulu na binti yake mmoja, Irene.

Pasaka iliyopita Irene alikuwa na miaka minane.

Mtoto ana adabu, hilo Hermani mwenyewe analisema. Shikamoo inatoka bila kukumbushwa. Vyombo anaosha. Daftari haliachi mvuani.

Tatizo lilikuwa moja. Alikuwa anamwita Hermani "Anko".

Anko! Ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe!

Na jamaa wa sokoni walishalijua hilo. Qamara, anayepima naye mzigo, ndiye alikuwa mbaya zaidi.

"Hermani, yule mpangaji wako mdogo hajambo?"

Wanacheka. Na yeye anacheka nao. Lakini jioni akirudi nyumbani, lile neno linakuwa limekaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa Jumatatu ya Pasaka, yakaja mabembea.

Yaliletwa na lori kutoka Babati, yakafungwa uwanjani. Kulikuwa na puto la watoto kuruka, vigari vya kuzunguka, na lile lenyewe lililowatoa watu majumbani: duara kubwa la chuma lenye viti, linazungushwa na jenereta. Unapanda mpaka unaona mabati ya mji mzima, halafu unashushwa kwa kasi mpaka tumbo linakuachia.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Uwanja ulikuwa tope tupu. Lakini nani anajali? Sikukuu ni sikukuu.

Judith alikuwa anakwenda kumwona shangazi yake mgonjwa. Akamvalisha Irene sweta, akamwambia mumewe:

"Mpeleke akacheze. Ila vitu vya kwenda juu hapendi. Mwache aruke kwenye puto, inamtosha."

"Sawa, mama Irene."

Sawa ya mdomoni hiyo. Kichwani jamaa alishapanga yake. Aliona mtoto akipanda lile bembea kubwa, akishuka anacheka, atamrukia shingoni. Anko itakufa siku hiyo hiyo.

Walipofika, Irene aliliangalia lile duara mara moja tu, akashika koti la Hermani kwa mikono miwili.

"Anko, mimi lile sipandi."

"Kwa nini?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini? Wenzako wadogo hawa wamepanda, huwaoni?"

"Naogopa tu, Anko."

Hermani angeishia hapo, nisingekuwa na kitu cha kuandika leo.

Lakini Qamara alikuwa amesimama pembeni na jamaa wengine wawili, wanakula mahindi ya kuchoma.

"Mwache mtoto wa watu!" Qamara akapaza sauti. "Wewe ni anko tu, utamlazimisha?"

Kicheko.

Hermani anasema alisikia masikio yanapata moto. Alimbeba Irene, akasogea mpaka kwenye kiti. Mtoto akang'ang'ania koti. Hermani akamfungua vidole, kimoja kimoja, huku anacheka ili watu waone ni utani.

Aliyekuwa anaendesha mashine, kijana mmoja anaitwa Nikolausi, akasita.

"Mzee, huyu anatetemeka. Si upande naye? Viti vipo."

"Mtu mzima mimi nikapande bembea? Funga chuma hicho, twende. Atazoea."

Chuma cha kumzuia asianguke kikafungwa. Jenereta likanguruma. Ardhi ikatikisika kidogo chini ya miguu.

Mzunguko wa kwanza Irene hakutoa sauti. Alikuwa amefumba macho.

Wa pili, alifika juu kabisa, akayafumbua. Akaangalia chini.

Ndipo alipoanza kulia.

"Baba! Baba! Toka hapo!"

Hermani akashtuka. Akageuka kumwangalia Qamara.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Qamara akasema.

"Ameniita nani?"

"Baba."

"Panda juu, Baba! Panda! Panda!"

"Ananiita nipande naye!" Hermani akacheka kwa nguvu. Akampungia mkono. Moyo ulikuwa umejaa, hakuwahi kusikia raha ya namna ile. Nikolausi alipoweka mkono kwenye swichi azime, Hermani akamzuia.

"Bado kidogo! Mwache, amechangamka huyo!"

Mtoto akapanda tena. Akashuka. Akapanda. Sauti ikawa inakatika, imebaki kukwaruza tu.

"Mzimie huyo mtoto, wewe!" mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi akapiga kelele. "Hamwoni anakufa?"

Nikolausi hakuomba ruhusa tena. Akazima.

Irene alishushwa akiwa amekakamaa. Sketi yake ya sikukuu ilikuwa imelowa, alikuwa amejikojolea. Hakumwangalia mtu usoni. Alitembea mpaka pale Hermani alipokuwa amesimama, tope limemfika juu ya viatu, akapiga magoti.

Akaanza kulitoa lile tope kwa mikono.

Analikwangua kwenye viatu, kwenye suruali. Analitupa pembeni, anarudi, analikwangua tena. Anahema tu.

Watu wakatazamana.

Na unajua Hermani alisema nini?

"Inuka. Unanitia aibu."

Nyumbani Judith alikuwa amesharudi. Alimwona binti yake mlangoni, akaona ile sketi, akaona mikono iliyokauka tope. Alimwogesha, akamlaza mchana ule ule, akarudi kukaa mbele ya mumewe.

"Umempandisha wapi?"

Hermani akaeleza. Na kwa ujinga wake, akaeleza kwa kujisifu kidogo.

"Amelia ndiyo, lakini mama Irene, ameniita Baba! Mbele ya watu! Anasema, Baba panda juu."

Judith akafunika uso kwa khanga.

Halafu akasimulia kile ambacho hakuwahi kukisimulia.

Asubuhi ile yeye hakuwepo Katesh, alikuwa amekuja Mbulu kwenye msiba. Sylvester alikuwa nyumbani na Irene na mama yake mzazi, bibi yake Irene. Mlima ulipoanza kunguruma, Sylvester alimrusha mtoto juu ya bati la jirani, akamwambia kaa hapo, usishuke. Akageuka kumfuata mama yake. Hakufika. Tope lilimkamata miguu.

"Mtoto aliona yote kutoka juu," Judith akasema. "Alikuwa anamwita. Baba toka, Baba panda juu. Mpaka hakumwona tena. Aliniambia mara moja tu, hajawahi kurudia."

Hermani akasogea karibu yake.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Kila nikitaka kuanza, nashindwa. Na wewe, Hermani, tangu umenioa, umewahi kuuliza?"

Hakuwahi.

Alijua marehemu alikufa kwa tope. Alijua mtoto ametoka Jorodom. Mambo yote mawili alikuwa nayo kichwani, hakuwahi kuyaweka pamoja. Wasiwasi wake ulikuwa yeye anaitwaje.

Anasema jioni ile kichwani ilikuwa picha moja tu. Alikuwa anajiona pale uwanjani, anapunga mkono. Mtoto anamlilia marehemu baba yake, na yeye anacheka, anajigawia kilio kisicho chake.

Asubuhi alimkuta Irene nyuma ya nyumba, analisha kuku. Akachuchumaa. Huku kwetu, mtu mzima kumwomba mtoto msamaha si jambo unaloliona kila siku. Maneno yalikuwa mazito kama jiwe la kusagia.

"Irene, jana nilikukosea. Uliniambia unaogopa, nikakulazimisha. Nisamehe."

Mtoto akaendelea kumwaga pumba.

"Sikujua ulikuwa unamwita marehemu baba. Mama ameniambia. Nilidhani unaniita mimi."

Irene akasimama. Akamwangalia kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sikuwa namwita baba Sylvester," akasema. "Yeye alishakufa."

"Ulikuwa unamwita nani, mama?"

"Wewe. Ulikuwa umesimama kwenye tope, na ile mashine inanguruma. Nikaona na wewe unaenda."

Akachota pumba tena.

"Nilikuita sana. Ukawa unacheka."

Dah.

Hermani aliniambia amewahi kutapeliwa, amewahi kupigwa na majambazi, lakini hakuna kilichowahi kumlaza chini kama ile sentensi. Alikaa pale pale kwenye pumba. Mwanaume mzima na mabega yake, analia mbele ya kuku.

Irene hakumkumbatia. Tusidanganyane, hii siyo filamu. Alimaliza kulisha, akaosha mikono, akaenda kunywa chai. Wiki nzima hakutembea upande mmoja wa barabara na Hermani.

Hermani alimfuata Qamara sokoni, akamwambia yote mbele ya wale wale waliocheka. Qamara akainamisha kichwa. Utani wa mpangaji uliisha siku hiyo, ingawa kilichouma kilikuwa kimeshauma.

Krismasi mabembea yalirudi. Irene akaomba aende, yeye mwenyewe. Walisimama mbali, wanaangalia. Hermani hakumvuta, hakumsifia wenzake. Aliuliza tu:

"Ukiwa pale juu, unaona nini?"

Irene akamweleza. Ilichukua muda, na Hermani hakumkatisha. Alipomaliza, akasema anataka kuruka kwenye puto, ila Hermani asimame pale pale penye ukavu, viatu vyake avione.

Hermani alisimama pale mpaka jua likazama. Watu walimpita, wengine walimcheka kusimama kama mlingoti. Hakusogea hata hatua.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mtoto akikwambia anaogopa, usikimbilie kumwonyesha kwamba bembea ni imara. Wewe umeliangalia kutoka chini. Yeye ndiye anayejua kule juu kunaonekana nini. Muulize, halafu nyamaza, usikilize.