Kalafati kwenye Moris ya Haroub

Mie kibanda changu cha kutengeneza redio kipo Darajani, na Moris ya Haroub inaegeshwa mbele yangu kila siku. Kwa hivyo mtu asije kunambia kitu kuhusu Haroub. Nnamjua. Na wale madereva wenzake wa teksi wanaomwita "Hakusikia" nnawajua vile vile, na iko siku ntamchoma mmoja na chuma cha kulehemu.

Haroub ni Mtumbatu, wa Jongowe kisiwani. Ujana wake wote aliunda vyombo vya baharini pamoja na kaka yake, Makungu. Alipokuja mjini akanunua ile Moris kuukuu kwa bwana mmoja wa Mbweni, akaifanya teksi. Na anaitunza kama chombo. Chini kaipaka sifa, mafuta ya papa, isiliwe na kutu. Abiria akiingia anashika pua. "Haroub, umepakia papa?" Yeye anajibu, "Gari yangu haizami," basi, anaendesha.

Kitu kimoja tu hafanyi mchezo nacho: matangazo ya vifo. Ikifika saa yake redioni, anasimama pembeni ya njia, anazima moto wa injini, anaskiza mpaka jina la mwisho. Abiria ukilalamika, shuka. Anazima kwa sababu moto ukiwaka redio inalia zzziii, akikanyaga mafuta mlio unapanda, akiachia unashuka, neno hata moja hushiki.

Siku aliyokufa Makungu, Haroub hakusimama. Kambeba mama wa Chukwani, uchungu umemshika, anampeleka hospitali. Mtu anazaa kwenye siti ya nyuma, we utazima gari uskize redio? Nijibuni! Redio imemtaja Makungu, maziko alasiri Jongowe, "habari zimfikie nduguye Haroub Haji, aliyeko mjini." Haroub kaskia zzziii.

Jongowe wameskia wote. Jina la Haroub limeitwa, kisiwa kizima kimeskia, maiti imewekwa wakamngoja. Hakuja. Kesho yake alipofika, mjane, Bi Mwanakheir, alimfungia mlango. "Teksi ilikuwa inalipa jana, shemegi?" Akaapa Haroub hakanyagi tena pale. Toka siku hiyo Haroub anakaa ndani ya Moris kama mtu aliyefungwa humo. Hasemi. Mie ndo nnasema.

Sasa juzi namwona Mjaka, mtoto wa Makungu, fundi wa vyombo kama baba yake, kaja sokoni kununua misumari. Anapita mbele ya ami yake, hata shikamoo hampi. Damu ikanipanda.

"We Mjaka! Umepoteza adabu au macho?"

"Usiniingilie, fundi redio. Huyo aliambiwa na dunia nzima kaka yake kafa, akakaa na abiria wake."

"Redio yake inalia!"

"Redio yake nzima! Nishakaa mie humo, inasema kama kasuku."

"Ulikaa gari imezimwa, hayawani we! Ingia!"

"Siingii gari ya huyu."

Nkamshika kanzu. Akanisukuma, nkamsukuma, misumari ikamwagika, madereva wakaanza kupiga makofi. Haroub akafungua mlango wa mbele, akasema taratibu, "Ingia, mwanangu." Sijui kwa nini, akaingia.

Haroub akafungua redio. Mtu anazungumza habari za karafuu, safi. Akatia moto. Zzziii! Akakanyaga mafuta, mlio ukapanda mpaka meno yanauma. Mjaka akaangalia redio, akaangalia ami yake.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa siku ile?"

"Hivi hivi."

"Na we fundi upo mita mbili hapa, unauza sura?"

Hilo liliniingia, maana kweli. Nilishatia kondensa ya kuua mlio kwenye dainamo, nkabadilisha waya za plagi, mlio palepale, nkasema gari imezeeka. Kwa hasira nkaingiza mkono nyuma ya redio nkachomoa waya wa eriali. Kimya. Mlio wote ukakatika.

"Kumbe!" nkapiga ukelele. Ingekuwa makelele yanakuja na waya wa umeme, yangebaki. Yamekatika, basi yanaingia kwa eriali.

Nkaenda kwenye madigadi, juu ya tairi la mbele, eriali iliposimama, nkafungua nati. Eriali kikalio chake lazima kiguse bati tupu la gari. Kisipogusa, uchafu wote wa injini unaingia redioni. Nkaivuta. Ikatoka na donge zito, limeshindiliwa vizuri, linanata.

"Nini hii?"

Mjaka akaliminya, akanusa. "Kalafati."

"Kala nini?"

"Pamba na sifa. Tunaziba mbao, maji yasiingie." Akamgeukia Haroub. "Ami! Umetia kalafati kwenye eriali?"

"Masika yale maji yalikuwa yanaingia hapo," kasema Haroub. "Nkaziba."

Akili ikaniruka. "Hii gari, mzee! Gari! Umeikalisha eriali kwenye pamba, itashika wapi bati?"

Mjaka kapiga bati la juu kwa ngumi, boneti ikatetemeka. "Nani kakufundisha kushindilia namna hii? Hata tone halipiti!"

"Babaako," kasema Haroub.

Mjaka alisimama na lile donge mkononi. "Basi umemziba mwenyewe," akasema. "Kwa mkono aliokufundisha."

Nkakwangua bati kwa bisibisi mpaka likang'aa, nkarudisha eriali, nkakaza nati kama namkaba mtu. Haroub akatia moto. Yule wa karafuu anasema, kila neno. Haroub akakanyaga mafuta. Kila neno. Akakanyaga tena, injini inanguruma, bwana wa karafuu anaendelea tu na kilo zake, na Haroub akaanza kuupiga usukani.

"Leo? Leo ndo unasema? Leo?"

Sijapata kumskia Haroub akipiga kelele. Hakuna aliyecheka.

Mjaka akaokota kipande cha gazeti, akalifunga lile donge.

"Unalipeleka wapi?" nkamuuliza.

"Kwa mama. Habari zenu za dainamo na eriali hatofahamu, atasema mnamdanganya. Kalafati anaijua." Akaingia mbele, akabamiza mlango. "Endesha, ami. Tuwahi Mkokotoni kabla chombo cha kuvuka hakijaondoka. Na mbele ya mama usiseme kitu, ntasema mie. We hujui kusema, ndo maana tumefika hapa."

"Misumari yako," kasema Haroub.

"Wache misumari! Endesha!"

Wakaondoka, Mjaka bado anamfokea, vioo vyote viko chini kwa ile harufu. Mie nkabaki naokota misumari ya watu njiani.