Sababu ya Nne ya Mama Vifungo

Mama Vifungo ni fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni bati. Tuliingia kwenye makazi haya ya wakimbizi mwaka mmoja, yeye na cherehani kichwani, mimi na miguu yangu tu. Sasa ni miaka ishirini na moja. Miguu iliyozoea kuranda nchi nzima siku hizi inaranda kutoka kisimani hadi kibarazani kwake, basi. Kuvuka geti ni kwa kibali.

Lipo shirika linalotutetea. Wakili wao, binti mpole asiyeogopa vumbi letu, alikuja akamwambia jirani yangu, "Mama, Alhamisi kamati ya bunge inakaa juu ya sheria ya vibali. Mimi wameshanichoka. Wanataka kumsikia mwenyewe anayefungiwa."

Mama Vifungo akakata gauni la buluu, akalishona lote isipokuwa pindo. Ndivyo alivyo: nguo ya safari haikunjwi pindo mpaka asubuhi ya kuondoka.

Jumatatu nikamsindikiza kwa karani wa vibali. Fomu ina sababu tatu: ugonjwa, masomo, msiba. Uchague moja.

"Naenda kusema bungeni," akamwambia.

"Hiyo haimo, mama."

"Iandike hapo pembeni."

"Pembeni hapaandikwi. Nikushauri kama mwanao: weka msiba. Msiba hauna maswali."

"Nimuue nani?"

Karani akanitupia jicho. "Hata huyu mzee anatosha."

"Niue tu, jirani," nikasema. "Ijumaa nitafufuka."

Hakucheka. "Niende kuwaambia wakubwa kwamba sheria yao inatufanya waongo, na mkobani nimebeba uongo? Wakiniuliza nimefikaje, nijibu nini?"

Akachukua kalamu, akaandika chini ya zile tatu kwa herufi za fundi, kubwa kubwa: KUSEMA. Karani akaisoma, akashusha pumzi, akarudisha muhuri wake kwenye droo.

Ile fomu tulimpelekea wakili. Alhamisi jioni akapiga simu, nami nilikuwepo, nikisikia yote.

"Mama, wamekataa nikusemee. Maneno ya shahidi asiyekuwepo hayaandikwi."

"Fomu uliwaonyesha?"

"Niliwaonyesha. Mwenyekiti akauliza, mbona hukuweka ugonjwa?"

Mama Vifungo akauliza, "Wanakaa tena lini?"

"Baada ya miezi sita."

"Na fomu itakuwa ile ile?"

Binti wa watu akaaga.

Mama Vifungo akailaza simu juu ya cherehani, akaomba nimtungie uzi kwenye sindano, yeye macho yake yamechoka. Yangu yamechoka zaidi, ila nilijaribu. Gauni lilikuwa kwenye msumari, alama za chaki za pindo bado ziko chini.

"Likunje pindo basi," nikamwambia, "ulivae hata kisimani."

"Kisimani si safari, kaka," akasema, akavuta sare ya shule ya mtoto wa watu, akaanza kukanyaga.