Mdogo Wangu na Nyumba ya Kutegesha

Kwa miaka mingi nimesema kwamba kaka yetu ndiye aliyemhamishia mdogo wangu kwenye nyumba ya kutegesha. Nimesema hivyo harusini na misibani, na mara moja mbele ya mchungaji ambaye hata hakuwa ameuliza. Si kweli. Kaka alitoa mabati, wifi alitoa kiwanja alichokuwa akilimia mihogo. Wazo la kumweka mtu ndani lilikuwa langu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishi jirani na dhahabu, nieleze. Miaka ile Nyamongo, uvumi ukisambaa kwamba mgodi utapanuka kuelekea upande fulani, wenye ardhi ya upande huo walijenga haraka. Watu wa tathmini wakija wanakuta nyumba, na fidia inalipwa ya nyumba, si ya majani. Hiyo ndiyo kutegesha, kama mtu anavyotegesha mtego wa kware. Walitegesha walimu, wazee wa kanisa, hata ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka waliovuka Sirari na misumari yao. Ukizoea unaijua nyumba ya namna hiyo kwa kuitazama tu: dirisha dogo, ukuta mwembamba, sakafu ya vumbi, na mabati yaliyopigiliwa misumari michache ili yang'olewe bila kutoboka zaidi. Ilijengwa ili ivunjwe.

Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Mwanza, ambako nilikuwa naandika makala ndefu kuhusu makazi na utu wa mwanadamu. Kaka alikuwa analalamika. Kijiweni walikuwa wanasema nyumba isiyo na mtu itarukwa.

"Sasa nani akalale mle?" akauliza. "Mimi nina familia."

Mdogo wangu alikuwa hapo hapo, anafuma. Polio ilimpitia akiwa na miaka mitatu. Nje anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono, na ndani anajisogeza kwa viganja, amevaa kandambili mikononi. Masweta ya wanafunzi wa shule tatu yametoka kwenye mashine yake. Tangu mama afariki alikuwa akilala katika chumba kidogo kando ya jiko la kaka.

Nikapuliza chai yangu, nikasema, "Si akae yeye? Atapata faragha."

Ukiwa na shahada mbili hukosi neno zuri la kufunika jambo lolote. Mdogo wangu alinitazama, akasema, "Sawa, dada." Nikarudi Mwanza kumalizia makala yangu.

Watu wa tathmini hawakuja mwezi ule, wala mwaka ule. Mara moja moja nilimpigia simu.

"Vipi huko?"

"Faragha ipo," alinijibu, akaniuliza habari za mvua.

Mwaka wa pili, katikati ya masika, nilikwenda bila kuwaambia. Bodaboda iliniacha njiani, nikavuta sanduku langu la magurudumu kwenye tope hadi likaacha kuwa la magurudumu. Nikamwona mdogo wangu anatoka upande wa kaka, anavuka uwanja kwa viganja, kandambili zinanasa kwenye tope na kuchomoka, gauni limelowa hadi kifuani. Baiskeli yake ilikuwa nje imefunikwa nailoni; kwenye tope lile isingezunguka. Mlango wa nyumba ulikuwa mwembamba, ulipungua vidole vinne tu baiskeli ipite.

"Karibu, dada," akasema. "Pita huku pembeni, utachafua viatu."

"Ulikuwa wapi na mvua hii?"

"Chooni."

"Si una choo chako hapo?"

Maana nilikuwa nakiona: choo kipya nyuma ya nyumba, mlango wa bati, kitasa kinachong'aa. Akanipa ufunguo. Nilifungua. Shimo lilikuwa na kina cha kufika magotini. Kilikuwa choo cha kuhesabiwa. Hakuna aliyekusudia kukitumia, na kwa miaka miwili mtu mmoja aliyeishi pale alikuwa akivuka uwanja ule asubuhi, mchana na jioni kwa mikono. Nilisimama mle ndani muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kusimama ndani ya choo.

Kesho yake tulikaa sisi wanne, kaka, wifi, yeye na mimi, kuamua akae wapi. Nilikuja na karatasi niliyoipigia mistari: huku faida, huku hasara. Nikaanza na nyumba yangu, kwa sauti kubwa ya mtu anayeomba akataliwe.

"Kwangu Mwanza pana nafasi. Chumba cha wageni ni chako."

"Ile nyumba ya juu ya mawe?" akauliza mdogo wangu. "Ngazi ngapi?"

"Zipo kidogo."

"Dada."

"Thelathini na nane."

"Basi utakuwa unanibeba. Kwa kiuno hicho?"

Wifi alicheka hadi akaweka kikombe chini. Mimi nilifuta mstari wa kwanza kwenye karatasi, na sitaficha kwamba nilijisikia mwepesi.

Mstari wa pili ulikuwa kituo kimoja cha kulelea watu wenye ulemavu, ambacho rafiki yangu alikisifia. Wa tatu sikuuandika mimi. Mdogo wangu aliusema mwenyewe, macho yakiwa kwenye nyuzi. Mama mmoja anayemletea nyuzi kutoka Mugumu alimwambia huko kuna wanawake watatu wenye ulemavu wamepanga nyumba moja nyuma ya soko. Kila mmoja ana chumba chake. Kuna msaidizi wanayemlipa kwa pamoja, anakuja asubuhi na jioni kuchota maji na kazi nzito, kisha anaondoka. Chumba kimoja kimebaki wazi.

"Upange?" kaka akasema. "Na watu usiowajua? Watu watasema tumekutupa."

"Na sasa hivi wanasemaje, kaka?"

Kaka akajikuna shingo. Mimi nikatazama karatasi. Nilikuwa nimeandika, na watu wakanipongeza, kwamba kwetu hatuhitaji nyumba za namna hiyo kwa sababu kila mtu ana ndugu. Ndugu ndio sisi tuliokuwa tumekaa pale.

Tukakodi Noah, baiskeli juu, tukazunguka kote kuwili kwa siku moja. Mdogo wangu alikuwa amevaa tepu yake ya kushonea shingoni kama daktari anavyovaa kipimo chake.

Kituo kilikuwa safi kweli kweli. Njia zimesakafiwa, maua yamepaliwa, chakula kina saa yake. Mama mlezi alitutembeza kwa upole. Mdogo wangu alipima milango yote, akaridhika, akapima choo, akakisifia kwa moyo. Kisha akauliza, "Mama, ufunguo wa chumba unakaa kwa nani?"

"Ofisini, mwanangu. Kwa usalama."

"Na nikitaka kwenda sokoni?"

"Unasema tu mapema, tunapanga siku ya gari."

Akashukuru. Tulipokuwa garini nikamwambia kwamba mimi ningehamia pale leo leo: chakula kinaletwa, simu hazipigwi, mtu anaandika vitabu kwa amani.

"Nenda," akasema. "Wewe hujawahi kuwekwa mahali."

Mugumu tulifika alasiri. Nyumba yenyewe haikuwa na sura. Bati limepata kutu, uzio ni wa michongoma, na mteremko wa kuingilia mlangoni umemiminwa zege na mtu aliyekuwa na haraka. Dereva alipoishusha baiskeli kwa kishindo mdogo wangu akamfokea, "Mura, polepole, hiyo ndiyo miguu!" Ndani kukatoka kicheko. Aliyecheka alikuwa mkubwa wa nyumba, mama wa mguu mmoja anayeuza dagaa sokoni, mnene, kitambaa kichwani, gongo kwapani.

"Shikamoo, mama," akasema mdogo wangu.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa masweta? Pita tukuulize maswali."

Mimi nilidhani tumekwenda kuichagua nyumba. Kumbe nyumba ilikuwa inachagua mtu. Wenzake wawili waliketi kwenye mkeka, mmoja asiyeona na mwingine aliyepooza upande mmoja, na wote wakamgeukia mdogo wangu.

"Unakoroma?" akauliza mkubwa.

"Kidogo. Mafua yakinipata, sana."

"Ukigombana na mtu unanuna siku ngapi?"

"Moja. Akiwa ndugu yangu, mbili."

Wakacheka. Yule asiyeona akauliza, "Mashine yako ina kelele?"

Hapo nikaona nisaidie. "Mashine yake ni ya kisasa kabisa, na yeye ni mtu mtulivu, ameokoka, hana..."

Mkubwa akanigeukia kwa adabu zote. "Mama, ni wewe unayehamia?"

"Hapana."

"Basi kunywa chai."

Nikanywa chai. Mdogo wangu akasema mashine ina kelele za kutosha na kwamba atafuma mchana tu. Kisha akaomba aone nyumba. Baiskeli ilipita mlangoni, ikabaki nafasi ya kiganja. Chumba kilikuwa na dirisha pana linaloangalia njia ya sokoni, na ufunguo ulikuwa unaning'inia kwa ndani. Mwisho akaenda chooni. Nilimfuata kwa mbali. Hakutoa tepu. Aliokota kijiwe, akakidondosha shimoni, akatega sikio. Kilichukua muda. Aliposikia kimefika, alitabasamu peke yake, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu mama alipokuwa hai.

Tulipoaga, mkubwa alisema watakaa wao wenyewe wazungumze, kisha watampigia yeye. Kulikuwa na mwingine kutoka Mbalibali aliyekitaka chumba hicho hicho.

Nyumbani kaka akasikiliza yote, akasema pengine ni vizuri, lakini asubiri kidogo. Alikuwa amesikia kwamba watu wa tathmini wanakuja mwezi ujao, safari hii kweli. "Mwezi mmoja tu," akasema, na akanitazama mimi, kwa sababu alijua maneno haya yalianzia kwa nani. Ningeweza kusema pale pale kwamba niliyeanzisha ni mimi na sasa nakomesha. Nilichosema ni kwamba chumba hakitasubiri, nikaenda kufunga sanduku.

Mwanza nilitembea na simu kila mahali, hadi bafuni. Nilikuwa na hofu mbili na zote zilikuwa za aibu. Moja, wamkatae, abaki akivuka uwanja kwa viganja. Nyingine, wamkatae, kisha aseme basi, atavumilia ngazi zangu. Usingizi ulikuwa mzuri, lakini mchana sikuandika hata aya moja.

Simu ililia siku ya tano, niko gengeni nachagua nyanya.

"Dada, wamenikubali."

Nikaweka nyanya chini. Nilimuuliza wamesema nini hasa, kama mtu anayehitaji muhtasari wa kikao.

"Wamesema wa Mbalibali hakoromi, lakini hajui kucheka."

"Na kaka?"

"Nimemwambia. Akasema, watu wa tathmini wakija je? Nikamwambia funguo zote mbili ziko mezani, ya nyumba na ya choo, akalale yeye mle awasubiri."

"Akasemaje?"

"Amekwenda kutafuta pikapu."

Muuza genge aliniuliza kama nimepata habari njema au mbaya, maana nilikuwa nacheka huku nimejiziba uso kwa kanga. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba njema.

"Dada, upo? Sikiliza. Mkubwa wa nyumba amesema ndugu wakija wanapiga hodi. Wakikuta mtu wao yuko sokoni, wanasubiri nje. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua ikinyesha."

"Haya. Jumamosi njoo ubebe mashine. Mimi sitaki iwekwe nyuma, nitakaa mbele nayo. Nyuma utakaa wewe."